Nyufa za matairi: zipi zivumiliwe na zipi zilitoe tairi barabarani

Gari nyingi za Unguja na Pemba hazimalizi matairi kwa mwendo. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi na Pemba 67. Mtu anayekaa Fuoni, kazi yake iko Malindi, na Jumapili akenda shamba kuwaangalia wazee, anaweza kumaliza mwaka mzima bila ya kufika kilomita 10,000. Kwa mwendo huo kashata za tairi, yaani mpira wa juu wenye mifereji unaogusa barabara, zinaweza kubaki nene hata baada ya miaka minane, na mpira wenyewe ukawa umeshachoka zamani kwa jua, joto na hewa. Tairi la namna hiyo ndilo linalomhadaa mwenye gari. Linaonekana zima kwa sababu halijawa kipara, kumbe ubavuni limejaa nyufa na ndani tabaka zake zimeanza kuachana.

Kwa hiyo tairi la hapa kwetu liulizwe umri kwanza, kisha nyufa ziko wapi na zina kina gani, na unene wa kashata uje mwisho.

Umri umeandikwa ubavuni

Futa ubavu wa tairi kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kisha tafuta herufi DOT. Baada yake kuna mlolongo wa herufi na tarakimu, na mwisho wake zipo tarakimu nne, mara nyingi ndani ya kiduara kirefu. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, yaani mwanzoni mwa Juni. Tarakimu hizi aghalabu huandikwa upande mmoja tu. Usipoziona nje, lala chini na tochi uangalie upande wa ndani, au mwambie fundi pancha alifungue gurudumu. Matairi yaliyokuja na gari kutoka Japani mengine hayana DOT, lakini yana namba ya kiwandani ambayo tarakimu zake nne za mwisho zinasomwa vile vile. Ukikuta mwisho wake ni tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, na halina mjadala.

Baadhi ya watengenezaji wa magari wanataka tairi libadilishwe likifika miaka 6. Watengenezaji wa matairi kama Michelin na Continental wanaweka mwisho wa miaka 10 tangu tairi kutengenezwa, hata kama halioneshi dosari, na Michelin wanataka tairi likishatumika miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka. Viwango hivyo ni vya dunia nzima, pamoja na nchi ambazo nusu ya mwaka ni baridi. Joto linaharakisha uzee wa mpira, na gari inayoshinda nje Kiembesamaki mwezi wa Januari haipati nafuu hata usiku. Rai yetu kwa gari ya nyumbani inayokaa juani ni hii: kuanzia miaka 5 likague kila mwezi, miaka 6 hadi 7 anza kuweka pesa za matairi mapya, miaka 8 libadilishe hata kama hujaona ufa. Gari ya abiria isingoje nane. Sita iwe mwisho wake.

Hesabu hiyo inaligusa na tairi la akiba. Spea inayoning'inia mlango wa nyuma wa Suzuki Escudo inapigwa jua kila siku bila ya kuzunguka hata mara moja, na kwa sababu hiyo mara nyingi huwa imechakaa kuliko matairi manne yaliyo chini, ingawa kashata zake ni mpya kabisa.

Mpira unapasukaje

Kiwandani, mpira wa tairi huchanganywa na nta pamoja na dawa za kuzuia ozoni na oksijeni. Tairi likizunguka, ubavu unakunjika na kukunjuka, na nta ile inasukumwa taratibu kuja juu na kufanya utando mwembamba wa kuulinda mpira. Gari ikisimama miezi, nta haiji juu ya kutosha, utando uliopo unaisha, na ozoni iliyomo hewani inaukata mpira pale ulipovutika. Ndiyo maana gari iliyosimama uani huku mwenyewe yuko Muscat inaweza kuwa na nyufa mbaya kuliko daladala yenye matairi ya mwaka ule ule inayozunguka mjini kutwa. Jua nalo linaukausha mpira wa juu ukawa mgumu.

Hayo ni yanayoonekana. Ndani, oksijeni ya upepo uliojazwa inapenya kidogo kidogo kuelekea nje kupitia tabaka za tairi, na inaufanya mpira ulioishika mikanda ya waya chini ya kashata kuwa mgumu na mkavu. Mpira huo ukishakauka, kingo za mikanda zinaanza kuachana. Nje huoni kitu. Halafu siku moja gari imejaa watu na mizigo, mwendo ni mrefu, lami ina moto wa saa nane mchana, na kashata nzima inabanduka. Hili ndilo linalotufanya tushikilie umri hata pale tairi linapong'aa.

Dalili: nyufa nyembamba ubavuni

Hili ndilo jambo linaloulizwa zaidi, na ndilo linalotaka kutazamwa kwa utulivu zaidi. Kwanza osha ubavu wote, kwa sababu vumbi na dawa ya kung'arisha vinaziba nyufa. Jaza upepo sawasawa. Mulika tochi kwa ubavuni, mwanga ulale juu ya mpira, usiupige uso kwa uso. Ufa mdogo utafanya kivuli. Sehemu ya tairi iliyogusa chini huwezi kuiona vizuri, basi sogeza gari nusu mzunguko wa gurudumu uangalie tena. Kwa matairi ya mbele, kata usukani mpaka mwisho, kulia kisha kushoto, upate kuuona na upande wa ndani. Upande huo watu wengi hawauoni mpaka tairi lipasuke.

Sasa pima kina. Pitisha ukucha juu ya ufa. Ukucha usipokwama, ufa uko kwenye ngozi ya mpira tu. Tairi lenye chini ya miaka 5 na nyufa za namna hiyo linaweza kuendelea, ila liangaliwe kila mwezi, na upepo wake usishuke. Ukucha ukikwama, chukua kadi nyembamba ngumu, kwa mfano kadi ya vocha, ingiza pembe yake ndani ya ufa bila ya kuilazimisha, weka alama kwa kidole cha gumba, kisha pima kwa rula ya skuli. Kina cha milimita 1 kinamaanisha tairi limeshaingia katika siku zake za mwisho. Panga kulibadilisha ndani ya wiki chache, na kabla ya hapo usilipeleke Nungwi na abiria saba. Ufa wa milimita 2 au zaidi, au wowote unaoonesha nyuzi ndani yake, ni wa kusimamisha gari. Nyuzi ndizo zinazobeba uzito. Mpira ulio juu yake kazi yake ni kuzifunika zisipate maji na hewa, na mfuniko ukishafunguka nyuzi zinaoza.

Kina peke yake hakitoshi, angalia na mahali. Nyufa za kwanza huanza kuzunguka herufi zilizonyanyuka, kwa sababu pale mpira hubadilika unene ghafla. Hizo ndizo zenye hatari ndogo. Nyufa za begani, pale ubavu unapokutana na kashata, ni jambo jingine: sehemu hiyo hukunjika katika kila mzunguko na ndipo kingo za mikanda ya waya zilipo. Vile vile ufa mmoja mrefu unaozunguka tairi sambamba na rimu ni mbaya kuliko nyufa fupi ishirini zilizotawanyika. Ufa mrefu wa kuzunguka mara nyingi unaeleza kwamba tairi limetembea muda mrefu na upepo mdogo na ubavu umekuwa ukikunjika pale pale kila siku.

Jaribio la mwisho ni kuubonyeza ubavu karibu na ufa kwa vidole gumba viwili. Ufa ukitanuka na ukaona weusi mpya mbichi ndani yake, bado unakua. Ukiona vumbi la kijivu limejaa mpaka chini, ni wa zamani. Lakini wa zamani si wa salama. Kina chake ndicho kinachoamua.

Dalili: nyufa chini ya mifereji, kati ya kashata

Hizi tunazihofia kuliko za ubavuni, na watu wachache wanazitafuta. Chini ya mfereji mpira ni mwembamba, na milimita chache tu chini yake kuna mikanda ya chuma. Ufa ukifika hapo maji yanaingia, na maji ya hapa yana chumvi. Gari inayoingizwa ufukweni Paje au Jambiani, au inayopita barabara za pwani zinazofikiwa na maji ya bamvua, inapeleka chumvi moja kwa moja kwenye waya. Waya ukipata kutu unaachana na mpira.

Fungua mfereji kwa vidole viwili, mulika. Mstari mwembamba kama unywele kwenye tairi la miaka mitatu ni wa kuangaliwa. Ufa unaofuata mfereji kwa zaidi ya urefu wa kiganja, au wenye rangi ya kutu, maana yake ununue tairi jipya. Na ukikuta mkato, si ufa, jua sababu yake ni nyengine: mawe ya matumbawe yana makali, na njia za ndani za mashariki ya Unguja zinakata kashata hata za tairi jipya. Mkato usiofika kwenye waya unavumilika. Uliofika hauvumiliki.

Dalili: upepo unapungua polepole, msumari hauonekani

Tairi zima hupoteza kama PSI (kipimo cha upepo) 1 hadi 2 kwa mwezi. Linalopoteza 5 kwa wiki lina tatizo. Changanya sabuni ya unga na maji, paka kwa brashi ya rangi, na subiri dakika mbili kila mahali kabla ya kusema hapavuji.

Anza na valvu. Shina lake la mpira linazeeka pamoja na tairi. Lipinde kidogo kwa kidole huku sabuni ikiwa juu yake. Mapovu yakitoka shinani, valvu imepasuka na inabadilishwa kwa bei ndogo. Yakitoka katikati, sindano ya ndani imelegea au imekufa. Kisha paka ukingo, pale tairi linapokaa kwenye rimu. Rimu za aluminiamu za gari za pwani hufanya unga mweupe, za chuma hufanya magamba ya kutu, na upepo hupita katikati yake. Fundi avue tairi, asugue rimu kwa brashi ya waya mpaka iwe laini, ndipo alirudishe. Hapo hapo uangalie ukingo wa tairi lenyewe: ukiwa umekauka, unachanika ukipindwa, au waya wake unachungulia, usikubali lirudishwe.

Dalili: nundu ubavuni

Nundu inayojitokeza nje maana yake nyuzi zimekatika pale na upepo unazuiwa na mpira mtupu. Sababu kubwa ni shimo la barabara au ukingo wa njia uliopandwa kwa kasi, na nundu inaweza kujitokeza siku kadhaa baada ya pigo. Haina matengenezo. Weka spea hapo hapo, hata kama tairi ni la mwezi uliopita.

Lakini bonde dogo, yaani mstari ulioingia ndani kutoka juu hadi chini ya ubavu, mara nyingi ni maungio ya nyuzi ya kiwandani, na halidhuru.

Dalili: gari inatetemeka au inagongagonga

Ukitoka asubuhi gari ikagonga kwa mdundo sawa na magurudumu, kisha baada ya robo saa au nusu saa ikatulia, matairi yalipata ubapa kwa kusimama. Yakishapata joto yanarudi. Kwa matairi ya zamani yaliyosimama miezi, ubapa huo unaweza kubaki moja kwa moja.

Mtetemo unaoanza kwenye kasi ya kilomita 80 hivi na kupungua ukipunguza mwendo, mara nyingi ni balansi. Unaokuja ukikanyaga breki tu, angalia diski. Ila mdundo wa polepole unaousikia hata kwenye kilomita 20, kama kwamba gurudumu moja si duara, na unaozidi wiki hadi wiki, huo ni wa kuchukulia kwa uzito mkubwa. Inua gurudumu kwa jeki, gari ikiwa imezuiliwa kwa mawe, weka kipande cha mbao karibu na kashata na uzungushe kwa mkono. Pahala panapopanda na kugusa mbao, au kashata zinapoyumba kushoto kulia, pana mikanda iliyoachana. Pitisha kiganja pia: utasikia mwinuko. Gari hiyo isiende popote na tairi hilo. Balansi haitalitibu, na fundi anayeongeza vipande vya risasi kwenye rimu ili mtetemo upungue anaificha hatari.

Dalili: ubavu umegeuka kahawia

Hii ndiyo dalili inayowatia watu hofu bure. Rangi ya kahawia ni ile dawa ya kuzuia ozoni iliyokuja juu ikakutana na hewa. Inaoshwa kwa sabuni na brashi laini na haina hatari yoyote. Hatari inaanza pale mtu anapoifunika kwa mafuta ya kung'arisha yenye asili ya petroli, au mbaya zaidi kwa dizeli na oili chafu. Vitu hivyo vinaitoa nta, vinaulainisha mpira na kuuvimbisha, na baada ya muda nyufa zinakuja kwa haraka kuliko zingekuja zenyewe.

Dalili: tairi linateleza kwenye mvua ingawa kashata ipo

Hapa kuna sababu tatu, na masika ya Machi hadi Mei huzifichua zote.

Ya kwanza ni unene usiotosha. Ndani ya mifereji mikuu kuna vitofali vidogo vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6, begani kuna alama TWI au pembetatu inayokuonesha vilipo. Kashata zikiwa sawa na vitofali hivyo, tairi limekwisha. Lakini usingoje hapo. Tairi jipya la gari ndogo lina kama milimita 8, na chini ya 3 uwezo wa kusukuma maji unashuka sana. Kijiti cha kiberiti kinatosha kupimia: kisimamishe ndani ya mfereji, weka alama kwa ukucha, pima kwa rula. Pima ndani, katikati na nje ya tairi, maana hazilingani. Kwa milima ya Pemba, ambako barabara inapanda na kushuka na kukata kona, sisi tunaichukua milimita 3 kuwa ndiyo mwisho.

Ya pili ni ugumu. Bonyeza kashata kwa ukucha wa gumba. Mpira mzima unabonyea kidogo na kurudi. Uliozeeka ni mgumu kama mbao, na hauishiki lami hata ukiwa na milimita 6.

Ya tatu wengi hawaijui. Gari zilizoagizwa kutoka Japani, khasa kutoka mikoa ya kaskazini kama Hokkaido, huja na matairi ya theluji. Angalia ubavuni neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Kashata zake zina mikato mingi myembamba ya mawimbi. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali, kwa hiyo kwenye joto la nyuzi 30 unayumba, unaisha haraka, na unachelewa kusimama penye maji. Wauzaji huyasifu kwa kuwa kashata zake ni nene. Ukinunua gari yenye matairi hayo, ingiza bei ya matairi manne katika hesabu yako tangu siku ya kwanza.

Tairi kuliwa upande mmoja si uzee. Kingo zote mbili zikiliwa, upepo ulikuwa mdogo; ikiliwa katikati, upepo ulizidi; ukiliwa ukingo mmoja, alaimenti imeharibika; likifanya mabonde mabonde, shokapu au bushi zimekufa. Tengeneza sababu kwanza, usije ukaliua na jipya.

Dawa ambazo si dawa

Kutia tyubu ndani ya tairi la tyublesi (lisilotumia tyubu) lililopasuka nyufa ni jambo la kila siku mitaani. Tyubu inazuia upepo usivuje, lakini haiongezi nguvu hata kidogo kwa nyuzi zilizooza, na msuguano kati yake na tairi unazidisha joto. Likipasuka, upepo wote unatoka mara moja. Kumfikisha mtu nyumbani kwa mwendo wa pole, sawa. Kumfikisha mwakani, hapana.

Kuchonga mifereji mipya kwenye tairi kipara ni hatari kubwa zaidi, kwa sababu kisu kinaula ule mpira mwembamba unaoufunika waya. Matairi yanayoruhusiwa kuchongwa yameandikwa REGROOVABLE, na hayo ni ya malori na mabasi. Kushona ubavu, kuziba nyufa kwa gundi au kwa rangi nyeusi, yote ni kumfichia atakayepanda gari. Kiraka halali ni cha tundu lililo kwenye eneo la katikati ya kashata, lisilozidi milimita 6 kwa upana, na kinatiwa kwa ndani baada ya tairi kuvuliwa. Begani na ubavuni hapatiwi kiraka.

Ukilazimika kununua la mtumba

Mwambie muuzaji akupe tairi likiwa limevuliwa, halijafungwa kwenye rimu. Soma tarehe, likizidi miaka 4 liache. Tia mkono ndani uzungushe: viraka, mikunjo na malengelenge utayahisi. Ukiona ndani ya ubavu mpira umesagika, umeacha unga mweusi au duara lililochubuka, tairi hilo lilitembezwa bila ya upepo, na nyuzi zake zimekwisha hata kama nje ni zuri kama jipya. Livute ubavu ulikunje kwa mikono miwili uone nyufa zinazojificha. Lililopakwa mafuta yanayong'aa lioshe kwanza. Muuzaji akikataa, ondoka.

Na jipya pia lina tarehe. Lililotundikwa miaka mitatu mbele ya duka penye jua limeshatumia sehemu ya maisha yake.

Ununue lipi, ulifunge wapi

Fuata kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kama ni 195/65R15 91H, tarakimu 91 ina maana tairi linabeba kilo 615. Waweza kuongeza, usipunguze. Toyota Hiace inayobeba abiria inataka tairi la mzigo lililoandikwa LT au C, kwa mfano 195/80R15 lenye 107/105, ambalo likifungwa moja kila upande linabeba kilo 975. Kuifunga Hiace matairi ya gari ndogo kwa kuwa rimu inakubali ni kuyapasua kwa makusudi.

Ukimudu mawili tu, yaweke nyuma, hata kama gari inavutwa na magurudumu ya mbele. Mbele ikiteleza kwenye maji, dereva anaisikia kwenye usukani na anapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, gari inageuka kabla hujajua. Gari inayovuta magurudumu manne muda wote inataka yote manne yalingane, la sivyo gia zinazogawa nguvu zinaungua.

Dai valvu mpya kila tairi linapobadilishwa. Dai balansi. Nati zikazwe kwa kupishana, gari ikiwa imegusa chini. Kwa gari ndogo nyingi za Toyota ni nyutoni-mita 103, na zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Upepo ujazwe tairi likiwa baridi, gari imesimama si chini ya saa tatu. Kibandiko cha Japani kikisema 220 kPa, kwenye geji ya hapa ni PSI 32. 250 ni PSI 36.

Gari itakayosimama

Mwenye gari akisafiri, jirani aisogeze angalau kila wiki mbili, na ikiwezekana aizungushe kilomita chache. Kama safari ni ya miezi, gari inyanyuliwe kwenye matofali imara chini ya chasisi, matairi yawe hewani. Upande unaopigwa na jua la jioni ufunikwe kwa makuti, jamvi au mbao. Kivuli hicho cha bei ndogo kinaokoa miaka. Matairi ya akiba yasiwekwe chumba kimoja na mashine ya kuchomelea au mota za umeme, maana cheche zake zinatengeneza ozoni.

Tairi ulilolitoa lisiachwe mbele ya kibanda cha fundi likiwa zima, kwani litaoshwa, litapakwa mafuta na kuuzwa. Mwambie akate ubavu wake kwa kisu mbele yako. Ukilipeleka nyumbani kwa ajili ya maua au kuzuia udongo, litoboe matundu pande zote mbili maji ya mvua yasituame ndani. Mbu anayeeneza homa ya dengue hutaga kwenye maji machache yaliyotuama hivyo.